Hiyo Si Meza

Jirani aliweka kikombe cha chai juu ya cherehani ya Nyokabi, akaendelea na hadithi zake huku akila andazi.

Nyokabi alikikodolea macho. Ilikuwa wiki ya tatu tangu aache kazi katika kiwanda cha nguo ajiajiri kama fundi wa kushona hapa nyumbani kwake, mtaa wa Langas. Hakuna kengele, hakuna msimamizi wa kumfokea. Kila asubuhi alijiambia, wacha kwanza ninywe chai. Halafu wacha nifagie. Hivyo hivyo mpaka jua linatua. Juzi aliifunika cherehani kwa kitambaa cheupe cha kufuma. Jana akaweka maua ya plastiki juu yake.

Sasa kikombe. Duara la chai lilikuwa limeanza kuenea kwenye kitambaa.

"Mama, hiyo si meza."

"Kwani ni nini?" jirani aliuliza bila ubaya wowote.

Nyokabi alicheka mpaka akashika mbavu. Akaondoa kikombe, akaondoa maua, akavuta kitambaa. Sindano ilikuwa bado na uzi mwekundu aliotunga siku ya kwanza.

Akachukua tepu ya kupimia, akaivaa shingoni.

"Simama."

"Niende wapi, na chai sijamaliza?"

"Simama nikupime."

Jirani akainua mikono yote miwili, andazi bado mkononi.