Mkeka wa Bi Saumu

Pangani nzima hapakuwa na mtu wa kumtambua muuaji upesi kama Bi Mwantumu; akifungua gazeti tu, keshamtaja. Siri yake ni kwamba alianzia ukurasa wa mwisho.

Enzi hizo gazeti la mauaji lilitoka kila Jumatano, likisimulia mauaji ya Alhamisi. Polisi nao walilisoma, wakangoja, maana sheria haikuruhusu kumkamata mtu kabla hajaua.

"Wiki hii gazeti halikutoka, mke wangu," alisema mumewe, Shekue, asubuhi ya Alhamisi, akimmiminia chai. Miaka arobaini ya ndoa, hata birika hakujua linashikwaje.

Hodi ikapigwa. Jirani yao, Bi Saumu, akaingia macho mekundu, mkeka wa matanga kwapani. Alipomwona Bi Mwantumu ameketi, kikombe mkononi kimebaki nusu, mkeka ukamdondoka.

"Ala! Shoga, bado hujafa? Gazeti limesema saa mbili, baada ya chai!"

"Gazeti gani?" Bi Mwantumu aliuliza.

"La jana! Si nilipanga foleni na mumeo? Kanunua yote yaliyobaki."

Bi Mwantumu akamgeukia mumewe. Shekue alikuwa akitazama saa ya ukutani.