Majani ya Kaburini

Marehemu mume wa Bi Mishi ndiye aliyeyaleta yale majani ya kigeni, akayapanda ufukweni ili bahari isile kaburi la binti yao. Majani yakashika udongo, kisha yakatambaa mpaka yakafunika kinamasi chote. Kaa wakatoweka, na ndege wakahama. Sasa watu wa mji walikuwa wameyang'oa kwa majembe, kikabaki kichaka kimoja tu, cha pale kaburini.

"Hiki tukiache, mama?" Shekue, kiongozi wao, alimuuliza kwa upole.

"Mkikiacha, si yatarudi?"

"Yatarudi."

Bi Mishi alipiga magoti, akaanza kung'oa kwa mikono yake mwenyewe. Kila mzizi ulitoka na mchanga tele. Nyuma yake, maji yalikuwa yameanza kujaa.