Shimo la Ukutani

Siku ya tatu tangu mimba iharibike, Chausiku alimkuta mama mkwe wake jikoni akikanda udongo kwenye karai. Alikuwa anaziba lile shimo la ukutani, karibu na mafiga, ambalo Chausiku alilichimba kwa kucha kwa miezi mitano, akila udongo wake kidogo kidogo kila hamu ilipompanda. Nyumba nzima ilijua mimba inakua kwa kuona shimo linavyokua.

"Mama, liache tu," alisema.

"Likiachwa utaliangalia kila siku, mwanangu. Mimi nilizibiwa mawili, hapo hapo."

Mama mkwe alisawazisha udongo kwa kiganja, akanyunyizia maji, kisha akatoka nje kunawa. Harufu ya ukuta uliolowa, kama ya mvua ya kwanza, ikajaa jikoni, na Chausiku akahisi mate yanamjaa kinywani. Mwili wake ulikuwa bado haujapata habari.

Akapiga magoti, akaingiza kidole kwenye udongo mbichi, pale palipokuwa na shimo.