Jiwe la Uani

Kila mvua iliponyesha, ua wa Bi Mashavu uligeuka bwawa, maana udongo wake wa mfinyanzi haukuwa unanywa maji hata kidogo. Sasa aliporudi na mjukuu wake kutoka msibani, baada ya siku mbili tu, alikuta kijani kitupu, ukuta hadi ukuta. Fundi Kombo, aliyemwachia kazi ya ua, alikuwa anakusanya vifaa vyake.

"Karibu uwanjani, mama. Chini kokoto, juu nyasi bandia. Tope utalisahau."

Bi Mashavu alitabasamu, kisha tabasamu likamkauka. "Jiwe langu liko wapi?"

"Wenzangu walilitupa jana. Wanasema lilikuwa limekalia mbao mbovu tu."

Kikapu kikamdondoka. "Fundi, zile mbao zimefunika shimo la choo cha zamani."

Fundi akaacha kukusanya vifaa. "Upande gani?"

"Jiwe ndilo lililokuwa linanionyesha."

Kabla hajamaliza, mjukuu wake Zuheri alishamponyoka mkononi, akakimbia mpaka ukuta wa pili, akajilaza.

"Bibi, njoo. Laini kama godoro."

"Kaa hapohapo, mume wangu. Usiinuke. Bibi anakuja."

Akavua ndala, akapiga magoti, akaanza kutambaa huku akipapasa nyasi kwa viganja, shibiri kwa shibiri. Kila mahali palikuwa sawa na pengine. Zuheri akacheka, akidhani ni mchezo, naye akaanza kutambaa kumfuata.

Ndipo Bi Mashavu alipoona kwamba kati yao nyasi zimebonyea kidogo, kama mto uliolaliwa.