Namba ya Dosiye

Mara ya nne sasa Bibiane anaiandika barua ya kuombea nafasi chuo kikuu, na bado haijakaa sawa.

Maman mmoja, mteja aliyekuja kusukwa kwenye saluni anakofanya kazi, mtaa wa Matonge, alijitolea kuisoma. Ndani aliona tarehe ya kuvuka mpaka. Majina ya waliokufa. Chini kabisa, namba ya dosiye, faili lake la ukimbizi.

"Ma fille, binti yangu, hii ni ile uliambiaka watu wa ukimbizi, wale wa kuomba ushahidi wa kila kitu. Chuo haiwezi kukufukuza inchini. Inauliza tu, weye ni muntu gani? Unapenda nini?"

Bibiane alibaki ameshika msuko nusu, vidole vinang'aa mafuta. Miaka mitatu Brussels, hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Mawe ya volkano," akasema taratibu. "Toka utoto. Lakini, maman, nitawapa ushahidi gani?"