Kitambaa cha Bluu

Kompyuta mpakato kuukuu ya Riziki ilizimika tena, mara ya nne asubuhi ile, na usaili wake wa kazi kwa njia ya video ulikuwa umebakiza nusu saa kuanza.

"Programu zote za draiva nimeweka upya, dada," alisema fundi Mbarouk, aliyeitwa pale nyumbani. "Ugonjwa uko ndani."

Akaigeuza, akaanza kufungua skrubu. Riziki hakubandua macho kwenye saa ya ukutani. Kando yake mama alikuwa amepakata kitambaa cha bluu alichokifuma mwenyewe, ambacho kila siku aliifunika nacho kompyuta isiingie vumbi.

Feni ilikuwa imekwama. Fundi akaingiza kibano, akavuta uzi. Ukatoka mrefu, wa bluu.

"Nini hicho?" mama akauliza.

Riziki akauwahi, akaufumbata kiganjani. "Vumbi tu, mama."

"Si nilisema mimi!"

Feni ikazunguka. Saa ilipotimia, sura ya mtu ikatokea kwenye kioo. "Karibu, Riziki. Unatusikia?"

Mama akanyanyuka kwa kunyata, akakitandaza kitambaa nyuma ya kompyuta, akakivuta vizuri mpaka kikaziba matundu yote ya hewa.

"Nawasikia," Riziki akajibu, ngumi imefumbata uzi, sikio liko kwenye feni iliyoanza kuhema.