Fyuzi Mkononi mwa Bi Rukaya

Bi Rukaya hakuwa akitarajia mgeni, lakini mlangoni alisimama kijana mwenye mkoba wa vifaa. Alikuwa Fundi Makame, katumwa na mwenye nyumba abadilishe feni ya bafuni.

"Nitazima umeme wa nyumba nzima, mama," alisema. "Maji na umeme havina utani." Akachomoa fyuzi kuu, akamkabidhi. "Usiirudishe mpaka nije niichukue mwenyewe."

"Nakuahidi, mwanangu." Alidhani ni kazi ya dakika kumi. Sebuleni, ndani ya kiangulio chake cha umeme, mayai thelathini yalibakiza siku moja kuanguliwa.

Nusu saa ikapita. "Bado, mama!" fundi aliita. "Waya umechubuka ndani ya ukuta. Navuta mpya."

Bi Rukaya akakifunika kiangulio kwa kanga mbili. Saa ya pili ilipoingia, bafuni kukawa kimya.

"Kashamaliza huyo," alisema wifi yake, Mwanaisha, aliyekaa naye sebuleni. "Rudisha umeme! Au utayaatamia mwenyewe?"

"Hajaja kuichukua."

"Wifi, vifaranga watakufa kwa ajili ya neno lako!"

Bi Rukaya aliikaza fyuzi ngumini, asiinuke. Ndipo bafuni bisibisi ikaanza tena kukwaruza, taratibu, ikikaza kitu.

Mwanaisha akavua mtandio wake, akautandaza juu ya kanga. Bi Rukaya akakikumbatia kiangulio, akalilaza sikio ubavuni mwake, akisikiliza. Ndani ya ngumi yake, fyuzi ilikuwa imepata joto.